Anayesubiri Kukaribishwa

Hodi ilipopigwa, Waya alikuwa ameingiza kichwa na mabega chini ya meza ya kompyuta, mikono imejaa vumbi la nyuzi, na makalio yametazama mlango. Na si hilo tu. Dakika mbili kabla ya hapo, alipokuwa akijikunja kuifuata kebo moja iliyopotelea nyuma ya kabati, suruali yake ilikuwa imepasuka kwa mlio wa kusikitisha, na mpasuko haukusimama mahali pa heshima.

"Hodi!" sauti ikaita tena. Ilikuwa ya msichana, yenye kicheko kilichobanwa.

"Karibu, karibu, pita ndani!" akajibu Waya kutoka chini ya meza, kwa uchangamfu wote wa mtu anayetaka kuonyesha kwamba hakuna la ajabu linaloendelea. "Keti popote. Na hicho unachokiona usikitie maanani, kiko kwenye matengenezo."

Akajikokota kinyumenyume, akagonga kisogo kwenye ubao wa meza, akasimama huku akijisitiri kwa kibodi mbovu. Mbele yake alisimama mwalimu mkuu wa shule ya mtaa wa pili, mama wa makamo aliyekwenda mbele kidogo, mwenye miwani na mfuko mkubwa wa plastiki mkononi, na uso wa mtu aliyeona mengi katika miaka thelathini ya ualimu lakini hili halikuwamo.

"Shikamoo, mwalimu," Waya alisema.

"Marahaba. Mimi sikupiga hodi."

"Hukupiga?"

"Mlango ulikuwa wazi, nikaingia. Hiyo hodi nimeisikia kama wewe. Imetoka huko huko ulikokuwa."

Waya akacheka, maana kucheka ndiyo kazi yake ya pili baada ya kompyuta. Aligeuka kumtafuta mtu wa kucheka naye. Dirishani, kwenye mashine kubwa ya kudarizi, alikaa Bi Sindano, mshonaji mkongwe wa karakana ile, mwanamke ambaye kwa kawaida asingeiacha suruali iliyopasuka ipite bila kuisemea maneno kumi. Lakini Bi Sindano alikuwa ameisimamisha mashine. Uzi ulikuwa bado umening'inia midomoni mwake.

"Umeitika, Waya," alinong'ona. "Mbona umeitika?"

Hapo ndipo kicheko kilipomwishia. Sauti ile aliijua. Aliirekodi yeye mwenyewe, kwa mkono wake, na akaifuta yeye mwenyewe, kwa mkono huo huo. Ilikuwa sauti ya mpwa wake, na mpwa wake alikuwa na miezi tisa kaburini.

Mwalimu mkuu, ambaye hayo hakuyajua, akaweka mfuko wake mezani na kutoa sweta tatu. Akakunjua kola ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ndani ya kila moja, mahali ambapo hudariziwa jina la mtoto, palikuwa na jina moja kwa uzi mwekundu.

"Huyu Chapu ni nani?" akauliza. "Shuleni kwangu sina mtoto anayeitwa hivyo."

*

Chapu alikuwa binti wa pekee wa dada yake Waya, na karakana ile ilikuwa ya huyo dada. Chumba kilikuwa kimoja kirefu: mashine ya kudarizi yenye sindano kumi na mbili, meza ya kukatia, rafu za nyuzi zilizopangwa kwa rangi, pazia la kona ya kupimia nguo, na kompyuta iliyoiongoza ile mashine. Waya naye hakuwa mfanyakazi wa hapo hasa. Alikuwa fundi wa kompyuta na mvuta kebo wa dunia nzima, leo hoteli ya nchi hii, kesho bandari ya nchi ile. Jina la Waya alipewa kwa kazi yake, si kwa umbo; kwa umbo angeitwa Gunia. Kila aliporudi kutoka safari alikuja kwa dada yake kula, kulala na kutengeneza vilivyoharibika, na mara nyingine kuharibu vilivyokuwa vizima.

Jina la Chapu nalo halikutolewa bure. Tangu alipojua kutembea, mtoto yule hakuujua mlango. Aliingia bafuni watu wakioga, aliingia ofisini watu wakigombana, aliingia chumbani kwa mjomba wake, mjomba akiwa amevaa taulo tu, akamuuliza kama ana betri. Mama yake alimkemea miaka kumi na tisa. "Piga hodi, we mtoto!" Naye hujibu akiwa tayari keshaketi: "Hodi."

Miaka miwili nyuma, washonaji walikuwa na tatizo. Wakifungua programu ya kudarizi, ilifunguka na jina la kazi ya jana, na asiyeangalia vizuri alijikuta amedarizi jina la mtoto mmoja kwenye sweta thelathini za watoto thelathini. Dada alimwita Waya. Waya akafanya kitu rahisi: ile alama ndogo kwenye uso wa kompyuta, njia ya mkato ya kufungulia programu, akaibadilisha. Ukiibonyeza, programu haifunguki moja kwa moja. Kwanza kinajitokeza kisanduku kinachouliza jina. Ukishaandika, jibu lako ndilo linalopelekwa ndani, na programu inafunguka na jina sahihi.

Angeishia hapo, angekuwa fundi. Lakini yeye ni Waya. Akaona, kwa nini kisanduku kisimfundishe mpwa wake adabu? Akamkalisha Chapu mbele ya kipaza sauti, akamlazimisha aseme neno moja, akamrekodi katikati ya kicheko. Tangu siku hiyo, kila ulipobonyeza ile alama, kisanduku kilijitokeza kikisema kwa sauti ya Chapu, "Hodi!" na hakikuuliza jina mpaka uandike "Karibu." Karakana nzima ilicheka wiki nzima. Chapu mwenyewe ndiye aliyekuwa akikaa kwenye kompyuta, kwa hiyo kutwa alijipigia hodi na kujikaribisha.

Halafu kifua kikamshika. Kilianza kama mafua, kikawa homa, kikawa kitanda cha hospitali. Waya alikuwa mbali, juu ya dari ya hoteli fulani, akivuta kebo. Simu ilimkuta siku mbili baada ya maziko. Aliporudi, dada yake alimwomba jambo moja tu.

"Itoe ile sauti."

Akaitoa. Akafuta faili, akamwaga na pipa la taka la kompyuta, akahakikisha. Kisanduku kikabaki bubu: kilijitokeza na neno Hodi limeandikwa, washonaji wakaandika Karibu kwa mazoea, kazi ikaendelea. Naye akasafiri tena. Sasa ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi tangu wakati huo.

*

"Tangu lini?" Waya alimuuliza Bi Sindano, mwalimu mkuu alipokwisha kuondoka na ahadi ya sweta mpya.

"Sauti? Leo ndiyo mara ya kwanza kuisikia asubuhi. Huwa ni saa saba, naisikia nikiwa nje." Bi Sindano alitazama mlango wa nyuma, ambako dada mtu alikuwa akipokea nyuzi. "Mama anatufukuza sote saa saba. Kaleni, mimi nabaki, anasema. Tukirudi, chumba kina harufu."

"Harufu gani?"

"Ile dawa ya kuchua kifua. Ile ya kijani. Na kile kiti," akakionyesha kwa kidevu, kiti cha kompyuta, "ukikikalia unalowa. Nimeacha kukikalia. Mashine nayo nikiipa jina la mtoto wa watu, inadarizi la kwake. Nimemwambia mama, akasema nimezeeka."

"Hukuniambia mimi."

"Ningekuambia ungefanya mzaha."

Waya alivaa aproni kuficha ule mpasuko, akakaa kwenye kompyuta, pembeni kabisa mwa kiti. Alipoiunda ile njia ya mkato alikuwa ameifanya iandike kila jibu linalojazwa kisandukuni, pamoja na saa yake, ili sweta ikikosewa ajulikane nani amekosea. Akaifungua orodha. Karibu, jina. Karibu, jina. Kurasa na kurasa. Kisha, miezi minne nyuma, saa saba na dakika sita mchana, jibu moja halikufanana na mengine.

Karibu mwanangu.

Akaelewa jinsi ilivyokuwa. Dada yake, peke yake, chumba kimya, kabonyeza alama ile, kaliona neno ambalo mtoto wake aliwahi kulitamka, na vidole vikaandika kile ambacho moyo ulitaka kusema. Hakuna aliyekusudia baya. Lakini kuanzia siku ya pili yake, kila saa saba na dakika sita, jibu lile lilirudi, na Waya alipoitazama ile safu inayoonyesha nani kabonyeza alama, aliikuta tupu. Kisanduku kilikuwa kikijifungua chenyewe. Mtu alikuwa akipiga hodi bila kusubiri kubonyezwa.

Dada yake akaingia na katoni ya nyuzi. Waya alikuwa hajamtazama vizuri tangu jana alipofika. Alidhani ni uchovu. Sasa akauona mfupa wa bega ulivyochongoka chini ya gauni. Dada aliweka katoni chini, akashika meza, akakohoa. Kikohozi kikavu, kifupi, mara tatu tatu.

Bi Sindano alimtazama Waya. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikohoa Chapu.

*

Siku hiyo Waya aliaga kama wenzake, akazunguka, akaingia kwa mlango wa nyuma na kujificha nyuma ya pazia la kupimia nguo. Kujificha kwa mwili wake kulihitaji kuvuta tumbo, naye alilivuta. Nje jua lilikuwa kali, watoto wa jirani walikuwa wakipiga mpira ukutani, na ule mdundo ulimpa moyo.

Saa saba na dakika sita mdundo ukakoma. Hakusikia watoto wakiitwa, hakusikia wakiondoka. Ulikoma tu, kama vile mtu ameziba masikio ya chumba kizima, na katika ukimya ule ikaja kwanza harufu, ile dawa ya kijani ya kifua, kali ya kuchoma pua, na nyuma yake harufu nyingine ya sufu iliyolowa ikaachwa ikavunda, na ubaridi ukatambaa sakafuni ukamshika vifundo vya miguu, na ndipo, kutoka kwenye kompyuta ambayo haikuguswa na mtu, ile sauti aliyoifuta kwa mkono wake ikasema kwa kicheko kilichobanwa, "Hodi," na dada yake, aliyekuwa ameketi mikono mapajani kama mgonjwa anayengoja kuitwa jina, akatabasamu tabasamu ambalo Waya hakuwa ameliona tangu msiba, akaandika.

Kioo kikajibu. Pale palipopaswa kuandikwa swali la jina, maneno yakajitokeza moja moja, na dada akawa anayasoma kwa sauti ya chini kama anayembembeleza mtoto.

"Nina baridi, mama... Najua, mwanangu. Najua. Hii hapa."

Akachukua sweta nyekundu mpya kutoka mapajani, akaiweka juu ya mgongo wa kiti cha pili alichokuwa amekisogeza karibu yake, akaivuta mabega vizuri kama anayemvika mtu, na Waya, jasho likimtoka kwenye chumba kilichokuwa baridi kama jokofu, akaiona ile sweta ikijaa polepole, mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha kifua, ikajaa kama inavyojaa nguo inapovaliwa, ila juu ya kola hapakuwa na shingo na chini ya mikono hapakuwa na vidole, na maji yakaanza kudondoka kutoka kwenye pindo lake, tone, tone, tone, juu ya sakafu iliyokuwa kavu.

"Bado una baridi?" dada aliuliza. Akasoma jibu. Tabasamu likatetereka. "Nije mimi? Nije wapi, mwanangu? ... Kesho?"

Waya alilirarua pazia. Si ushujaa; alikuwa anaanguka, akalishika. Sweta ikanywea juu ya kiti. Mdundo wa mpira ukarudi.

"Umekuja kunipeleleza," dada yake alisema bila kugeuka.

"Dada, kile si Chapu."

"Umejuaje? Ulikuwepo?"

Hakuwepo.

"Siku ile ya mwisho aliniambia hivyo hivyo," dada akasema. "Mama, nina baridi. Nikamwambia nivumilie kidogo, mwanangu, nina sweta thelathini za watu, nikizimaliza nakuletea moja. Nikaja nayo mkononi, Waya. Nyekundu, aliyoitaka. Nilikuta wameshamfunika. Hakunisubiri." Akakohoa, akajipangusa mdomo kwa kola ya ile sweta iliyolowa. "Sasa anarudi kuniomba sweta, wewe unataka nimfungie mlango?"

"Mimi ndiye niliyeuweka huo mlango, dada. Mzaha wangu huo."

"Basi huu mzaha mmoja ndio uliowahi kunifaa. Uache."

*

Hakuuacha. Jioni ile ile aliifuta ile njia ya mkato na kila kilichoambatana nayo. Asubuhi aliwasha kompyuta, akaikuta imerudi. Akabonyeza alama ya kikokotoo: "Hodi!" Akabonyeza kalenda: "Hodi!" Akabonyeza pipa la taka ambamo aliitupa, nalo likapiga hodi. Kila alama iliyokuwa juu ya kioo kile ilimtaka amkaribishe mtu kwanza. Akachomoa kebo ya umeme kutoka ukutani, akasimama nayo mkononi, na kisanduku kikabaki kinawaka palepale, mstari mdogo wa kuandikia ukipepesa, ukingoja.

"Leo sina mzaha," alimwambia Bi Sindano.

"Afadhali," Bi Sindano alisema, akajifunga kanga yake. "Namfuata Mkunga."

Mkunga alikuwa bibi mfupi mwenye magoti mabovu, aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa ule enzi zake, na alipostaafu kupokea wanaokuja, watu wakaanza kumwita kuwatoa majumbani pepo wasiotakiwa. Alifika kabla ya saa nne, bila kibuyu wala ubani, na mkoba wa kawaida wenye dawa zake za presha. Akanusa chumba. Akagusa kiti, akanusa vidole.

"Yule binti nilimpokea mimi," alisema. "Yaani, nilikwenda kumpokea. Nilimkuta ameshafika, yuko kitandani analia, mama yake bado anashangaa. Sijawahi kuona mtoto mwenye haraka vile." Akamgeukia Waya. "Huyu aliyeko humu mmemkaribisha mara ngapi?"

Waya aliitazama ile orodha. "Elfu kumi na moja, mia nne na sitini na mbili. Na moja ya jana, kutoka chini ya meza."

"He! Mimi kwa mwanangu wa kumzaa sijafikisha kumi." Hakucheka. "Hizo zote alizisikia, akipita huko apitako. Neno la wazi, halina jina la mtu, mchana kutwa. Alikuwa anakaa mlangoni na kusikiliza. Halafu siku moja mtu akalitia neno lile jina: mwanangu. Akajua aje na sura ipi."

"Mtoe, bibi."

"Ninaowatoa mimi ni wavamizi. Huyu ni mgeni, tena mgeni wa kila siku. Ninaanzia wapi?" Akakaa, akanyoosha goti. "Kuna adabu moja wanayo, kutushinda sisi. Akipiga hodi mara tatu asiambiwe karibu, hana ruhusa ya kurudi. Lakini lazima amnyime neno hilo yule yule aliyemkaribisha, akiwa pale pale, akisikia. Leo. Kwa sababu kwa kile mlichonieleza alimwambia jana, akikaribishwa leo, sweta itakayojaa itakuwa ya mama mtu, na huyu mama tutamtafuta ndani yake tusimwone."

Dada alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote.

"Nimnyamazie mwanangu?" aliuliza. "Mara tatu?"

Mkunga akamvutia kiti chake mbele ya kompyuta.

*

Saa saba walikuwa wanne chumbani. Dada kwenye kiti chake, mikono mapajani. Waya nyuma yake, karibu kiasi cha kuweza kumshika, ingawa Mkunga alikuwa amemwonya: mikono yako haisaidii hapa. Bi Sindano dirishani. Mkunga mlangoni, na goti lake.

Mpira wa watoto ukanyamaza.

"Hodi."

Dawa ya kijani ikajaa chumbani. Dada akafumba macho. Vidole vyake vilipanda, vikashuka. Waya akahesabu pumzi zake mwenyewe mpaka akapotea hesabu.

"Hodi, mama."

Safari hii sauti ilisema neno ambalo Waya hakuwahi kulirekodi, na kicheko hakikuwemo tena, ilikuwa sauti ya wodini, ya kifua kilichojaa, na maneno yakaanza kumiminika kwenye kioo, nina baridi mama, uliniahidi mama, nilikungoja mama, shuka lao lilikuwa jembamba nikalitazama dirisha nikisema sasa hivi anakuja, na kila neno dada alilisoma kwa midomo bila sauti, na machozi yakamdondoka juu ya vifundo vya vidole, na kwenye rafu sweta zilizokunjwa za watoto wa watu zikaanza moja moja kujikunjua na kujaa, mikono mitupu ikainuka na kumnyooshea, na kiti chake kikaanza kudondosha maji, na kikohozi kikamshika dada akainama nacho mpaka paji la uso likagusa kibodi, na alipoinuka mikono yake ilikuwa juu ya herufi, na Waya, aliyekuwa na neno la kuchekesha kwa kila msiba wa dunia, alitafuta neno akakuta kinywa kikavu, akabaki kusema tu, kwa mnong'ono, "Dada. Dada yangu. Na mimi nitabaki na nani?"

Hakumsikia. Kidole chake kikabonyeza K. Kikabonyeza A.

"Hodi, mama," sauti ikalia kwa mara ya tatu, na maneno yakajiandika taratibu chini ya zile herufi mbili. Niko mlangoni. Nasubiri. Siwezi kuingia mpaka useme karibu. Mimi siingii bila kukaribishwa. Niambie karibu.

Dada akausoma mstari ule. Akausoma tena, safari hii kwa sauti, pole pole. "Siingii bila kukaribishwa."

Vidole vikasimama.

"Waya," akaita, macho kwenye kioo. "Hiki kisanduku ulikiweka kwa ajili gani?"

"Kumfundisha Chapu adabu," Waya akasema.

"Alijifunza?"

Waya aliona mlango wa bafuni ukisukumwa, mlango wa ofisi, taulo lake na lile swali la betri. Aliona kitanda cha hospitali ambacho hakuwahi kukiona, na mtu wa haraka aliyepita hapo bila kumngoja yeyote.

"Hakujifunza, dada."

Dada alizifuta zile herufi mbili. Alilia wakati akizifuta, kwa sauti, mbele ya watu wote, kama ambavyo Bi Sindano aliapa baadaye hakulia hata siku ya maziko. Kisha akajipangusa kwa kiganja, akanyoosha mgongo, na kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, akakiandikia kile kilichokuwa mlangoni:

Mwanangu hapigi hodi.